Ua Linalolala

Yako maua yaotayo kutoka katika tunguu, yaani kitu cha chini ya udongo kifananacho na kitunguu. Watu wengi huyatia katika kopo, huyafurahia mara moja, na mwaka wa pili huona majani matupu. Hudhani ya kuwa udongo umechoka. Sivyo, ua limenyimwa usingizi.

Ua letu hapa Nakawa ni lile jekundu, la mviringo kama mpira, liotalo lenyewe porini Uganda mvua zianzapo. Wataalamu huliita Scadoxus multiflorus. Kichwa kimoja chaweza kuwa na vijiua hata 200. Jaja, yaani bibi yangu, alilipanda katika zile nyumba za zamani za Nakawa. Zilipobomolewa mwaka 2011, alihama na godoro, vyombo, na kopo lile. Alifariki mwaka 2017, na tangu hapo kulitunza ni kazi yangu.

Ua likinyauka, mimi hukata bua tu. Majani huyaacha karibu na dirisha na kuyamwagilia, kwa maana ndiyo yalishayo tunguu kwa mwaka ujao. Yageukapo manjano, huacha maji kabisa, na kopo hukaa pakavu miezi miwili au mitatu. Wageni huuliza, "Mbona umeliua?"

Huko Ulaya, baridi ndiyo iyapumzishayo maua kama tulipu. Sisi tu karibu na Ikweta: baridi hiyo hatuna, wala urefu wa mchana haubadiliki sana. Ishara yetu ni kiangazi, na ndani ya nyumba hakuna kiangazi ila ukifanye mwenyewe. Amwagiliaye kila siku kwa huruma hulizuia kulala.

Mvua za Machi zianzapo, hulirudisha mwangani na kulipa maji kidogo kidogo. Kopo liwe na matundu chini, na mizizi isisumbuliwe ovyo. Tena watoto wasilitie kinywani, kwa kuwa lina sumu.

Enyi wanafunzi, msiicheke likizo ya tunguu. Nanyi mna yenu. Kwetu, bua jipya lichomozapo, mama huvuta kiti karibu na dirisha, akakaa kimya akilitazama ua la mama yake. Kwa ajili ya siku hizo chache, miezi mitatu ya kopo la udongo mkavu si mingi.