Mwanafunzi wa Mabawa na Ramani ya Dunia

Jiografia ni elimu ya makao ya mwanadamu. Sehemu yake moja hueleza makao yenyewe: milima, mito, bahari, pepo na mvua. Sehemu ya pili hueleza wakaao: lugha zao, kazi zao, dini zao, vyakula vyao na safari zao. Vitabu huzitenga sehemu hizi mbili ili kurahisisha mafundisho, lakini duniani hazikutengana hata siku moja. Asomaye moja akaiacha nyingine ni kama mtu aliyekiona chombo asimwone nahodha, au aliyemwona nahodha asikione chombo.

Katika kata ya Mabawa, mjini Tanga, alikuwako msichana wa kidato cha tatu aliyeisoma elimu hii kwa bidii na kwa hasara. Kwa bidii, kwa sababu haukupita usiku asilifungue daftari lake; kwa hasara, kwa sababu aliyoyasoma hayakukaa. Aliweza kulichora bonde la mto Tennessee la Marekani na kulitia mabwawa yake. Aliweza kuandika kwamba Ruhr katika Ujerumani ilikuwa nchi ya makaa ya mawe na chuma. Lakini alipotakiwa kueleza kwa nini, ulimi wake ulikuwa mzito. Shule ya msingi aliisoma kwa Kiswahili. Alipoingia sekondari aliikuta jiografia imevaa Kiingereza, na kila alipojaribu kumtazama mvaaji aliona vazi tu. Kwake ulimwengu ulikuwa orodha ya majina magumu yaliyo mbali, na kuihifadhi orodha ndiko kulikokuwa kusoma.

Mwezi wa Machi 2024 darasa lilipewa jaribio, na swali moja lilihusu pepo za Bahari ya Hindi ambazo Kiingereza huziita monsoon. Msichana alikumbuka kwamba habari hiyo ilikuwa katika ukurasa wa kushoto, chini ya picha. Picha aliikumbuka, maelezo hakuyakumbuka. Karatasi ilirudi na alama mbili katika kumi. Alirejea nyumbani ameikunja mara nne, akamkuta babu yake, mzee aliyekuwa mvuvi tangu ujana wake, ameketi barazani akishona wavu.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mbona uso umeuficha?"

Akamtolea karatasi, na kwa kuwa mzee hakujua Kiingereza, alilazimika kumweleza swali kwa Kiswahili: ni upepo gani huvuma nusu ya mwaka kutoka upande mmoja wa bahari, na nusu ya pili ukageuka ukavuma kutoka upande mwingine, na sababu yake ni nini? Alipokuwa akisema hayo alijisikia mwenyewe, akanyamaza kabla hajamaliza.

"Upepo unaokutesa katika karatasi ndio huu unaokupepea," babu alisema. "Hii ni kaskazi, nayo i karibu kufa. Itakuja masika, kisha kusi. Nilipokuwa mtoto, majahazi ya Waarabu yalitia nanga hapa Tanga yakiwa na tende na chumvi, yakaondoka na boriti za mikoko. Yalikuja kwa kaskazi, yakarudi kwa kusi. Hapana nahodha aliyeshindana na msimu."

Siku ya pili msichana alilichukua neno hilo moja, msimu, akampelekea mwalimu wake. Mwalimu alikuwa mtu wa subira. Alifungua kamusi wakaisoma pamoja. Wakaona kwamba neno la Kiarabu mausim, maana yake majira, lilipita njia mbili. Njia moja ilifika pwani ya Afrika likawa msimu. Njia ya pili ilipita kwa Wareno, ikafika Uingereza, likawa monsoon. Neno lililomnyima alama nane lilikuwa ndugu wa neno alilolijua tangu utotoni. Lilikuwa limesafiri tu, likarudi na nguo za ugenini.

Baada ya hapo sababu za pepo hazikuwa ngumu. Mwezi wa Desemba bara la Asia hupoa, hewa yake huwa nzito, nayo husukumwa kwenda nchi za kusini zilizo na joto, ambako hewa ni nyepesi. Hiyo ndiyo kaskazi. Kufikia katikati ya mwaka mambo hugeuka: Asia huwaka jua, hewa yake hupanda, na upepo wa bahari ya kusini huifuata. Hiyo ndiyo kusi. Mzunguko wa dunia huzipinda pepo hizo njiani, zisiende moja kwa moja. Haya ni maumbile. Lakini mfanyabiashara aliyefika kwa kaskazi hakuweza kurudi mpaka kusi ivume, na katika miezi ya kungoja alinunua na kuuza, alijifunza lugha, alioa, alizaa, alijenga msikiti, alizikwa. Huo ni utamaduni. Miji ya Waswahili kutoka Mogadishu hadi Kilwa na Sofala ilikua kwa biashara iliyobebwa na pepo hizi, na wenyewe hawakuusahau wema wao: pande mbili za dunia, kaskazini na kusini, walizipa majina ya pepo mbili.

Msichana akaanza kuitazama ramani kwa jicho jingine. Jioni moja alichukua rula akaiweka juu ya atlasi. Tanga iko nyuzi 39 na kidogo mashariki ya Greenwich. Makka haifiki nyuzi 40. Rula iliyosimama Tanga ikanyooka juu ya Kenya, ikapita Uhabeshi, ikavuka Bahari ya Shamu, ikafika karibu na Makka bila kupinda ila kidogo. Kwa hiyo mtu wa Tanga anayeielekea kibla huelekea kaskazini karibu sawasawa. Ndiyo maana katika pwani hii neno kibla lilipata pia maana ya kaskazini, na suheli, jina la nyota ing'aayo upande wa kusini, likapata maana ya kusini. Kila siku mara tano watu wa nyumba yake walikuwa wakisimama juu ya mstari ambao yeye aliudhani ni wino wa mchapaji.

Aligeukia pia mashamba. Kila aendaye Muheza hupita penye mkonge, na mtoto wa Tanga huweza kudhani kwamba mkonge uliumbwa huko. Asili yake ni Mexico. Mwaka 1893 Mjerumani, Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, na iliyofika Tanga ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Kutokana na miche hiyo michache Tanganyika ikaja kuwa ya kwanza duniani kwa mkonge, na kazi ya kuukata ikawaita watu kutoka Songea, Njombe, Kigoma, Burundi na Msumbiji. Waliitwa manamba, kwa sababu mwajiri aliwajua kwa namba. Baba wa bibi yake msichana alikuwa mmoja wao. Alitoka Songea kwa mkataba. Mkataba ulikwisha, yeye hakurudi. Kisha viwanda vya nchi za ng'ambo vikatengeneza nyuzi za plastiki, na baada ya miaka ya 1960 bei ya mkonge ikaanguka, mashamba yakaingia magugu. Mmea wa Mexico ulimleta mtu wa Songea Tanga. Nyuzi za ng'ambo zikawanyima wanawe kazi.

Mpaka hapo elimu ilimpa furaha; bado haikumtaka kitu. Mwanzoni mwa Mei mwaka ule ule, redio zilitangaza kwamba kimbunga kilichoitwa Hidaya kimo baharini na kinaikaribia pwani ya Tanzania, na wavuvi wakaonywa. Zilikuwa siku za giza, siku njema za kuvua dagaa kwa taa. Mjomba wake, ambaye nyumba yote iliitegemea mashua yake, alikuwa amekwisha kununua mafuta.

"Mimi bahari hii naijua," mjomba alisema. "Kimbunga hakifiki Tanga. Wazee wetu hawakukiona."

"Mjomba, usemalo lina sababu," msichana akajibu, "lakini halina dhamana."

Akamweleza, kwa Kiswahili, kwamba kimbunga hulishwa na joto la bahari na hupata mzunguko wake katika mzunguko wa dunia. Kwamba karibu na ikweta nguvu hiyo ya kuzungusha ni ndogo, ndiyo sababu vimbunga ni haba Tanga, iliyo nyuzi 5 tu kusini ya ikweta. Lakini haba si hapana. Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja, iliyo nyuzi moja tu kusini ya Tanga, kikaing'oa mikarafuu kwa maelfu. Pemba iliponea, na tangu hapo Pemba ikawa ndiyo kisiwa cha karafuu. Wazee wa Tanga hawakukiona kimbunga kile, lakini wazee wa Unguja walikiona.

Mjomba hakusema kwamba ameshawishika. Alimtazama babu, na babu akaendelea kushona wavu. Usiku ule mashua haikutoka, wala usiku wa pili. Tarehe 4 Mei Hidaya ilifika kisiwa cha Mafia, kisha nguvu zake zikaisha. Tanga haikulikabili pigo lenyewe. Mjomba akahesabu hasara yake.

"Jiografia yako imenila dagaa wa siku mbili," alisema.

Msichana hakuwa na jibu, kwa kuwa hesabu ile ilikuwa ya kweli, na chakula cha wiki ile kilipungua. Babu ndiye aliyejibu: "Chombo kilichokosa safari mbili kina safari ya tatu."

Si kila elimu hulipa siku ile ile, na mwenye kuitumia hana budi kuwa tayari kulaumiwa pale hatari inapopita kando. Lakini kuna jambo ambalo hata mjomba hakulikana: kwa mara ya kwanza kitabu cha shule kilikuwa kimezungumza barazani kwake, naye akakielewa, akakibishia. Elimu isiyoweza kubishiwa nyumbani haijafika nyumbani.

Yuko atakayesema kwamba haya yote ni ya karibu, na kwamba mwanafunzi hutakiwa kuijua dunia nzima. Ni kweli. Wala Kiingereza si adui. Bila yeye nusu ya safari ya neno msimu isingejulikana. Lakini ya mbali hayashikwi na mkono usioshika la karibu. Kabla ya mtihani wa Juni msichana aliufungua tena ukurasa wa Ruhr, ule alioukariri zamani bila faida. Safari hii alisoma kwamba makaa yale hayakuchimbwa na wenyeji peke yao; katika karne ya 19 Wapoland kwa maelfu waliacha vijiji vyao wakaenda kuyachimba, na wengi hawakurudi. Alisimamisha kidole chake hapo kwa muda mrefu. Hakuna aliyemwambia akihifadhi kifungu hicho, wala hakukihifadhi. Aliwajua watu wale. Walikuwa manamba.