Pikipiki Mbili

Watu husema kwamba mwenye fedha hana mashaka. Sisi twasema kinyume. Siku tulipokuwa hatuna kitu, tulilala usingizi mzuri; siku tulipopata fedha ya kununua pikipiki, usingizi ulitukimbia.

Wenzetu wa miji mikubwa husumbuka katika kuchagua motokaa: je, wachukue ile ya bei nafuu isiyokunywa mafuta mengi, au ile ya mbio, yenye sura ya kupendeza na bei kubwa? Hapa Kisangani wanunuzi wa motokaa ni wachache, na mashaka hayo hutupata kwa pikipiki. Fedha yetu ilitoka katika likelemba. Mama wa watoto na wenzake wa sokoni walichanga miezi mingi, mwisho zamu yetu ikafika. Nayo baiskeli yetu ilikuwa imechoka kabisa, maana kazi ya ukatekista yatupeleka ng'ambo ya mto, Lubunga, na mbele zaidi katika vijiji vya njia ya Ubundu.

Dukani tulionyeshwa mbili. Ya kwanza ilikuwa nyeusi, injini ya 125, kiti kirefu cha chini, na nyuma chuma cha kufungia mizigo. Ndiyo ile ile wanayopanda wamotari wote wa mji. Ya pili ilikuwa nyekundu, injini ya 200, imesimama juu, na kiti chake kimeinuka nyuma kama mkia wa jogoo. Bei yake ilipita ile nyingine kwa dola 600. Tangu mwaka 2019 serikali iliondoa malipo ya shule za msingi, lakini binti yetu yuko sekondari, na huko bado twalipa. Tulijua vema dola 600 zingeweza kufanya nini.

Hata hivyo macho yalibaki kwenye nyekundu. Mdogo wetu alitutia moyo: «Yaya, katekista naye astahili heshima. Ukipanda ile nyeusi watakudhani motari, watakuuliza bei ya kwenda Makiso!» Nasi tukaanza kutafuta sababu njema: njia ni mbaya, matope ni mengi, kazi ya Mungu yataka chombo chenye nguvu. Seminarini tulifundishwa kupanga hoja, na moyo ukishatamani kitu, elimu hiyo hugeuka mtumwa wake. Mama wa watoto aliuliza neno moja tu: «Baba Anuarite, juu ya hiyo nyekundu mimi nitakaa wapi?» Tulicheka, wala hatukumjibu.

Kumbe rafiki mmoja alikuwa nayo iliyo sawasawa na ile. Akatuazima Jumamosi moja tuijaribu.

Shida ilianza ufukweni. Pikipiki ndogo huinuliwa mtumbwini na watu wawili. Hii ilihitaji wanne, nao walidai malipo ya wanne. Mto wote tuliuvuka tukiwa tumeshika usukani wake kwa mikono miwili, tukiomba isituponyoke. Lakini tulipofika kituoni watoto walipiga kelele, watu wakatoka nyumbani kutazama, na twakiri kwamba tulifurahi.

Baada ya mafundisho wakatuletea bibi mmoja, mjane, mguu umevimba sana. Ilifaa apelekwe kituo cha afya. Watu walimwinua mara ya kwanza, akateleza. Mara ya pili, akalia kwa maumivu. Akatutazama, akasema kwa upole: «Mwana wangu, hiki si kiti, ni mti.» Ndipo kijana mmoja akaleta baiskeli yake ya toleka, yenye mto wa sponji nyuma. Bibi akakaa, kijana akasukuma. Sisi tukafuata nyuma polepole na pikipiki ya injini ya 200, kama mtu asindikizaye maziko ya kiburi chake.

Njiani tulimkumbuka baba yetu. Miaka ile ya vita, mwaka 2000 majeshi ya kigeni yalipopigana siku sita humu mjini, na baadaye mafuta yalipokuwa haba, toleka ndizo zilizobeba watu wa Kisangani. Jina lenyewe, kwa Kilingala, maana yake ni «tupite». Baba alibeba wagonjwa, magunia ya mihogo, hata mama wenye uchungu wa kuzaa. Hatukumsikia hata siku moja akiuliza kama baiskeli yake yapendeza.

Tulikumbuka pia marehemu Papa Fransisko. Tarehe 6 Julai 2013, huko Roma, aliwaambia waseminari na wanovisi kwamba humwuma moyo kuona padri au sista ndani ya motokaa ya mtindo mpya kabisa. Hakukataza motokaa, alikubali kwamba kazi nyingi zaihitaji, ila ichaguliwe iliyo nyenyekevu. Mwaka ule ule alipokea Renault 4 kuukuu kwa padri mmoja wa Italia. Na mwaka 2017 alipopewa Lamborghini, motokaa ya mbio, aliibariki tu. Ikauzwa mnadani mwaka 2018, fedha ikaenda katika kazi za huruma.

Tulinunua ile nyeusi. Lakini msidhani kwamba kila kitu cha bei ndogo ni cha akiba. Kinachovunjika kila wiki ni ghali. Ulizeni kama vipuri vyapatikana sokoni, na kama fundi wa mtaani kwenu akijua. Angalieni mafuta: hapa kwetu hupanda mto kutoka Kinshasa, zaidi ya kilometa 1,700, au huja kwa malori kutoka mashariki. Meli ikichelewa au njia ikikatika, bei ya Kadhafi, yule mwuza chupa wa barabarani, yapanda siku ile ile, na mwenye injini yenye kiu kubwa huteseka kwanza. Mwisho tazameni kiti: nani ataweza kukaa nyuma yenu?

Bado nyekundu ikipita twageuza shingo, hatuwezi kudanganya. Lakini yule bibi amekwisha kupanda nyeusi mara mbili. Na juzi, karibu na soko, mtu alitusimamisha kwa haraka, akauliza bei ya kwenda Makiso. Mdogo wetu alikuwa amesema kweli. Nasi tulikuwa tukienda huko huko. Tukamwambia: «Panda, ndugu,» tukampeleka bure.