Dakika 45

Nilikimbilia kiti cha mbele, nyuma ya dereva, kwa sababu ndicho kiti nilichokulia. Baba yangu aliendesha basi la Dar es Salaam hadi Mbeya, na shule zikifungwa alinipakia hapo hadi kwa bibi. Sasa nilikuwa Munich, mwezi wa Septemba, pamoja na wanakwaya wenzangu 40. Tulikuwa tunakwenda Venice.

Kabla hajawasha gari, dereva alichomeka kadi kwenye kijisanduku mbele yake. Mkalimani akanieleza kuwa ile ni takografu: inaandika kila dakika anayoendesha, na polisi wakisimamisha basi wanaisoma. Kwa sheria ya Umoja wa Ulaya, akishaendesha saa 4 na nusu lazima apumzike dakika 45.

Austria tuliingia bila kujua. Nilikuwa nimeshika pasipoti tangu Munich, nikiwaza foleni za mpakani Tunduma, kumbe mpaka wenyewe ni kibao tu kando ya barabara. Baada ya Innsbruck basi likaanza kupanda. Tulivuka Europabrücke, daraja lililofunguliwa mwaka 1963, mita zipatazo 190 juu ya mto Sill. Mama mmoja nyuma yangu akaanza kusali kwa sauti. Mimi niliukumbuka mlima wa Kitonga, kwenye njia ya baba. Malori yalikuwa yamejipanga hivyo hivyo, yakikwea kwa gia ndogo, na foleni ikala muda wetu mwingi kabla ya kufika mpaka wa Brenner.

Upande wa pili ni Italia, lakini vibao vina lugha mbili, maana eneo hili lilikuwa la Austria hadi Vita Kuu ya Kwanza. Mji wa Bolzano ni Bozen pia. Kisha mashamba ya tufaha, mistari kwa mistari bondeni, matunda mekundu yakigusa nyasi. Sikuwahi kuona tufaha mtini.

Tukikaribia Trento, dereva akaingia kituo cha mapumziko. Watu wakalalamika: foleni imeshatuchelewesha, Venice inatungoja, kwa nini asiunganishe tu? Yeye akaonyesha kijisanduku kwa kidole, akatikisa kichwa, akazima injini.

Baba alikuwa akiunganisha. Kilomita zaidi ya 800, peke yake, na tajiri akipiga simu kila kituo kuuliza amefika wapi. Siku moja, karibu na Mikumi, alisinzia. Basi likaacha barabara, likaingia porini. Hakufa mtu. Yeye alivunjika mguu, na hakushika usukani tena. Kwa miaka mingi watu walimwita mzembe, naye hakubisha.

Wenzangu waliposhuka kuchimba dawa na kununua kahawa, nilibaki. Dereva alilaza kiti, akajifunika uso kwa kofia, na baada ya muda mfupi akaanza kukoroma. Vijana wa sauti ya nne walirudi wakiimba. Nikasimama mlangoni, nikawazuia kwa mkono. Walinishangaa, kisha wakaenda kuimbia chini ya miti.

Dakika 45 zilipotimia aliamka mwenyewe, akanawa uso kwa maji ya chupa, akafunga mkanda. Tuliingia Venice jua likizama, juu ya daraja refu lenye maji pande zote mbili. Watu wote walikuwa madirishani wakipiga picha. Mimi nilikuwa nikiyatazama macho yake kwenye kioo, yako wazi kabisa.