Saa Tisa Mpakani

Ukisimama Petite Barrière asubuhi utaona mama na beseni la nyanya kichwani, mwanafunzi na begi, na mlemavu anaendesha baiskeli ya magurudumu matatu iliyojaa mizigo. Gisenyi na Goma ni kama mji mmoja uliokatwa na kamba.

Wakubwa waliliona hilo zamani. Mwaka 1976, Rwanda, Burundi na Zaire walianzisha CEPGL hapa hapa Gisenyi, na makao yake makuu yakawekwa hapa. Lakini mikataba hukaa kwenye makabati. Juni 2022, mwanajeshi wa Kongo alipouawa kwa risasi pale mpakani, upande wa Kongo ukaanza kufunga saa tisa alasiri. Wafanyabiashara walijua maana yake: saa nane na nusu bei ya nyanya ilikuwa inaanguka, juu mteja alijua huwezi kurudi nazo.

Ndiyo maana mimi naziamini zaidi ofisi ndogo. Mei 22, 2021, Nyiragongo ilipolipuka, watu wa Goma walivuka usiku kwa maelfu. Mama mwenye nyumba wangu anasimulia kwamba mtu aliyemwonyesha wapi pa kulaza wageni alikuwa kiongozi wa mudugudu, na tochi mkononi. Hakuna aliyesubiri simu ya balozi.

Sasa siye wakimbizi. Kadi yetu haivushi mtu, na ukirudi nchi uliyoikimbia unaweza kupoteza ulinzi wako. Sheria hiyo naielewa. Ila kwenye kikundi changu kuna msichana ambaye bibi yake amebaki Birere, ukutani kabisa mwa mpaka. (Jogoo wa Birere hawana hati, wanawika pande zote mbili.) Simu ya bibi ikikosa umeme, msichana hali.

Viongozi wa wilaya wakikutana na ushirika wa akina mama wafanyabiashara, naomba ninyi wa mashirika mtuulizie jambo moja: siku moja kwa mwezi, sehemu moja kwenye mstari, watu waonane bila mtu kuvuka. Askari wawepo, sawa. Hilo ni jambo la meya na meya kuzungumza, halihitaji mkutano wa marais.

Barua tumeiandika, kwa Kiswahili na Kinyarwanda. Vijana kumi na mmoja wameweka sahihi. Bado tunabishana juu ya saa tu. Bibi anataka asubuhi mapema, kabla ya foleni.