Kupanda Flagstaff na Gesi Mpya

Ukitaka kutoka Phoenix, Arizona, mwezi wa Juni na gari kuukuu, jambo la kwanza la kuuliza ni AC. Mji huu uko jangwani, na mwaka 2023 ulipitisha siku 31 mfululizo ambazo joto la mchana lilifika nyuzi 43 za Selsiasi au zaidi. Sisi tuliolelewa pwani joto tunalijua, lakini la Mombasa lina jasho na upepo wa bahari. La hapa ni kavu, hukausha midomo na macho, na usukani ulioachwa juani haushikiki.

Motohomu ya Mjomba ni ya mwaka 1989. Mbele ni kichwa cha gari la mizigo chenye injini ya V8 ya petroli, lita 7.5, nyuma ni nyumba kamili, kitanda, jiko na choo. Kwenye paa ipo AC ya nyumba, ila hiyo haiwaki bila umeme wa jenereta. Ya dereva ni ile ya kwenye dashibodi, inayozungushwa na mkanda wa injini, nayo ilikuwa haitoi baridi tangu Mjomba anunue gari. Tulipanga kupanda barabara ya I-17 hadi Flagstaff, kisha tuende ukingo wa kusini wa Grand Canyon. Kwangu ilikuwa safari ya kwanza ndani ya nyumba inayotembea. Mjomba, aliyekuwa fundi magari Mombasa kabla ya kuhamia huku, alikataa katakata kuondoka kabla hajaifufua ile AC.

Magari ya miaka ile yalitumia gesi ya R-12, ambayo wengi waliijua kwa jina la Freon. Haishiki moto, haili vyuma, na kwa miongo mingi ilionekana haina ila. Ila yake ilikuwa angani. Mwaka 1974 Mario Molina na Sherwood Rowland walionyesha kwamba gesi za jamii hiyo hupanda juu sana bila kuharibika, kisha mionzi ya jua huzivunja zikatoa klorini, na klorini huila ozoni inayotukinga na jua lenyewe. Itifaki ya Montreal ilitiwa saini mwaka 1987, na Marekani ikaacha kuitengeneza R-12 mwishoni mwa 1995. Sekretarieti inayosimamia itifaki hiyo iko Nairobi, pale Gigiri. Mjomba huwaeleza jambo hilo majirani zake wa Kimarekani kwa fahari, na mimi naona ana haki.

Kwa hiyo gari lilipaswa kuhamia R-134a. Wapo wanaomimina gesi mpya juu ya ya zamani na kwenda zao. Mjomba, ambaye ana cheti kinachotakiwa na sheria za Marekani kwa kazi hii, hakutaka hata kulisikia wazo hilo. Kwanza aliunganisha mashine ya kunyonya gesi, akaivuta R-12 iliyobaki ndani ya mabomba mpaka kwenye mtungi wa kijivu wenye kichwa cha njano.

"Mpwa, hii haiachiwi hewani hata kidogo," aliniambia. "Ukiiachia hapa, anayeungua si wewe peke yako."

Kisha akafungua bomba jembamba na kuchomoa, kwa koleo la mdomo mrefu, kijiti cha plastiki kilichovaa wavu mwembamba. Ndicho chenye tundu ambalo gesi iliyogeuka maji hupenyea, ikatoka upande wa pili presha imeshuka na baridi imeanza. Alikiweka kwenye kitambaa cheupe na kukigeuza juani. Wavu ungekuwa umejaa unga mweusi, angejua kompresa imejila yenyewe na mabomba yote yamechafuka. Kulikuwa na vumbi la kijivu kidogo tu, la kuhesabika chembe kwa chembe. Mjomba akashusha pumzi.

Kazi iliyobaki ilihitaji subira zaidi ya nguvu. Oili ya madini iliyotumika na R-12 haichanganyiki na 134a, kwa hiyo haizunguki nayo kuirudia kompresa. Mjomba alimwaga aliyoweza kuimwaga, akaweka oili ya esta, inayovumilia mabaki ya ile ya zamani. Akabadilisha oringi zote na draya, ile chupa yenye chembe za kunyonya unyevu. Mipira mikubwa aliiacha, kwa maelezo kwamba iliyokunywa oili miaka mingi huizuia gesi mpya vizuri kuliko watu wanavyodhani. Akafunga vichwa vipya vya kujazia, ambavyo haviingiliani na vile vya R-12, na kubandika kibandiko kinachotaja gesi iliyomo ili fundi ajaye asikosee.

Pampu ya vakyumu ilipozimwa tuliketi kuitazama geji ya buluu. Sindano haikusogea. Maana yake hakuna mvujo mkubwa, na unyevu umechemka kwa presha ile ndogo ukavutwa nje. Ndipo gesi ikaingia polepole, mtungi ukiwa juu ya mizani. Kwa kawaida 134a hutosha kwa asilimia 80 hadi 90 ya uzito wa R-12. Ukijaza hadi kipimo cha zamani, presha ya upande mwekundu hupanda mno, hasa kwenye joto kama la Phoenix.

Tuliondoka asubuhi. Mjomba alikuwa ametundika pazia zito nyuma ya viti, kwa sababu AC ya dashibodi imekusudiwa kupoza kichwa cha gari tu, haiwezi nyumba nzima. Kifuniko cha injini, kinachokaa katikati ya dereva na abiria na kutoa joto lake miguuni, alikivika blanketi la foili. Kwenye tundu la hewa alichomeka kipimajoto cha jikoni, cha kupimia nyama, na kazi yangu ikawa kukisoma kwa sauti. Kwenye taa za barabarani kilipanda hadi 17, kwa kuwa hewa haipiti vya kutosha kwenye kondensa. Tulipoingia barabara kuu kilishuka hadi tisa na kutulia.

Mlima ulipoanza, baada ya New River, hewa ya baridi iliyokuwa ikitupiga usoni ilihama ghafla ikaenda kwenye kioo cha mbele. Mjomba hakushtuka. Vibao vya ndani vinavyoelekeza hewa huvutwa na vakyumu ya injini, na dereva anapokanyaga petroli hadi chini, vakyumu hiyo huisha. Kuna valvu ndogo ya kuizuia isikimbie, na yetu ilikuwa imechoka. Tukafika kwenye vibao vya barabarani vinavyoomba madereva wazime AC ili injini isichemke. Mjomba alizima mara moja: kondensa hukaa mbele ya rejeta na kuitemea joto lake, na kompresa hula nguvu ambayo gari zito linaihitaji mlimani. Tulishusha vioo tukapanda taratibu, malori yakitupita, na midungusi mirefu ya saguaro imesimama kila mteremko.

Pale Sunset Point, valvu mpya ilitoka kwenye sanduku la vyuma na kazi ikaisha kabla chai haijapoa. Tulishuka Camp Verde, na kwenye mlima wa pili, jua likiwa limelegea, Mjomba aliacha AC ikiwaka huku jicho lake halitoki kwenye geji ya joto la injini. Hewa ilibaki usoni. Midungusi ilitoweka, ikaja misonobari, na Flagstaff ikatupokea mita 2,100 juu ya bahari kwa baridi ya kuvaa sweta.

Usiku alichukua taa ya urujuanimno akamulika viungo kimoja kimoja, maana aliweka rangi ya kutambua mvujo. Mbele ya kompresa, kwenye sili ya shafti, kulikuwa na alama ya kijani isiyozidi ukucha. Nilimuuliza kama ni kitu cha kuhangaikia. Akanikumbusha kwamba 134a haigusi ozoni, lakini huongeza joto la dunia zaidi ya mara 1,000 kuliko uzito ule ule wa kaboni dayoksaidi, na ndiyo sababu mwaka 2016 mataifa yalikubaliana mjini Kigali kupunguza gesi za jamii yake. Magari mapya tayari yanakwenda na R-1234yf.

"Hili la kwangu halitahama tena," alisema. "Basi lisivuje."

Sili aliiagiza kwa simu kesho yake, tukiwa kwenye foleni ya lango la Grand Canyon, na akauliza bei mara mbili. Tukirudi, kwanza atainyonya gesi yote aipime, ndipo aifungue kompresa.