Harusi ya Wenzako Isikumalize: Safari Kutoka Kariakoo Hadi Coco

Jumamosi saa 10 jioni, barabara ya Ali Hassan Mwinyi, Dar es Salaam. Mbele kabisa pikapu imebeba vijana wa matarumbeta, nyuma yake gari la maharusi lililovishwa riboni, halafu msururu wa magari yanayowasha taa na kupiga honi kama vile barabara yote ni ya kwao. Waenda kwa miguu wanapunga mikono. Dereva wa daladala, hata kama ana haraka, anatabasamu kidogo. Nani asiyependa harusi?

Lakini hebu tazama nyuma ya msafara huo. Kuna kirikuu moja imejaza vitambaa, stendi za maua na makapi ya viti, na ndani amekaa dada mmoja mwenye simu mbili, hajala tangu asubuhi. Huyo hayupo kwenye picha. Na safari yetu ya mwezi huu inamhusu yeye.

Wasomaji wetu wengi wamo humo. Una ajira yako benki au ofisini, jioni unapamba. Au mume anapiga video, mke anaoka keki. Mnaanza kwa kumsaidia rafiki, mara simu haziishi. Mjini hapa harusi ni biashara kweli: kuna kicheni pati, kuna sendofu, kuna harusi yenyewe, na kwa wengine kuna singo na ndoa ya msikitini. Kazi ipo. Swali ni je, wewe utakuwepo?

Tukaamua kuizunguka Dar kama anavyoizunguka mtu wa harusi, kituo kwa kituo.

KITUO CHA KWANZA: KARIAKOO, ALHAMISI ASUBUHI

Jina Kariakoo limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi waliobebeshwa mizigo ya jeshi la Waingereza wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Karne moja baadaye kazi ya hapa bado ni kubeba. Magari hayapiti, mikokoteni inapita. Mtaa wa Kongo unasukumwa na watu tu, huhitaji hata kutembea. Ukifika mtaa wa Uhuru unakutana na khanga na vitenge vimepangwa hadi darini. Soko kuu, lile jengo la miaka ya 1970 lililobuniwa na msanifu Beda Amuli, liliungua Julai 2021, lakini mitaa inayolizunguka haikuacha kuuza hata wiki.

Mtu wa mapambo anakuja hapa na orodha. Kitambaa cha rangi ya 'pichi', maua ya plastiki, riboni, taa ndogondogo. Na hapa ndipo mtego wa kwanza ulipo: bei ya kukisia. Wengi walishataja bei kwa mteja kabla ya kujua kitambaa kinauzwaje.

Tufanye hesabu ya mfano. Umekubali kupamba ukumbi wa watu 300 kwa shilingi 3,000,000. Vitambaa na maua 900,000. Kukodi vitu usivyokuwa navyo 450,000. Kirikuu kwenda na kurudi 160,000. Vijana sita kwa 40,000 kila mmoja, 240,000. Chakula na maji yao 60,000. Kufua na kupiga pasi 150,000. Vitakavyovunjika au kupotea 100,000. Jumla 2,060,000. Umebaki na 940,000. Unaona raha, eeh?

Sasa hesabu saa. Vikao vitatu vya saa tatu tatu ni saa 9. Manunuzi saa 8. Kupamba saa 14. Kukaa ukumbini na kubomoa saa 10. Kurudisha na kusafisha saa 6. Hizo ni saa 47, na kama mko wawili, mke na mume, ni saa 94. Kila saa moja ya jasho lako ni shilingi 10,000. Halafu kamati inakuomba "utupunguzie laki tano tu, mwanetu". Ukikubali, saa yako imeshuka chini ya 4,700. Punguzo halikutoka kwenye kitambaa wala kwenye kirikuu, maana hao hawapunguzi. Limetoka kwenye usingizi wako.

Ndiyo maana wanaodumu hawapunguzi bei, wanapunguza kazi. Una milioni mbili na nusu? Sawa, tunaondoa maua ya njia kuu. Mteja anachagua mwenyewe, na hakuna anayenuna.

KITUO CHA PILI: KIKAO CHA KAMATI, JIONI

Hii nayo ni sehemu ya kutalii, usidharau! Meza zimeunganishwa kwenye baa yenye bustani, soda na bia zinaendelea, mwenyekiti anagonga glasi. Katibu anasoma majina: fulani ameahidi laki, ametoa elfu hamsini. Makofi. Fulani ameahidi laki mbili, hajatoa. Kimya. Zamani ilikuwa kadi za mchango za kupeleka mkono kwa mkono. Tangu M-Pesa iingie Tanzania 2008, na baadaye makundi ya WhatsApp, mchango unakukuta hata ukiwa kitandani.

Mtaalamu wa harusi lazima auelewe mfumo huu, kwa sababu ndio unaomlipa. Ahadi si hela. Pesa nyingi huingia siku za mwisho, wakati wewe ulishatakiwa kununua vitu mapema. Ukianza kazi kwa kutegemea ahadi za kamati, umeikopesha harusi ya watu usiowajua. Wengine wamekopa kwa riba ili kupamba ukumbi wa mwenzao, halafu Jumatatu mwenyekiti hapokei simu. Kamati yenyewe imeshavunjwa!

Dawa inajulikana, sema tunaona aibu kuitumia. Mkataba wa maandishi, hata wa ukurasa mmoja. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, haibagui kati ya kampuni kubwa na dada wa mapambo. Andika nusu ya malipo ndiyo inashika tarehe, asilimia 40 siku saba kabla, na kumi ya mwisho kabla gari halijapakia mzigo. Andika pia itakuwaje tarehe ikiahirishwa. Machi 2020 serikali ilipozuia mikusanyiko kwa sababu ya corona, waliokuwa na kipengele hicho walijua pa kuanzia. Waliokuwa wamekubaliana kwa mdomo walibaki wanabishana.

Kipengele cha mwisho ni cha kulinda kichwa chako: nani anatoa maagizo? Bibi harusi anataka nyeupe na dhahabu. Mwenyekiti anataka zambarau kwa sababu ndiyo rangi ya sare. Shangazi anapiga simu usiku: "Mwanangu, na meza yetu wakina mama uiweke mbele." Wote unawaheshimu, wote unawaitikia shikamoo na marahaba, lakini sahihi ni ya mtu mmoja. "Shangazi, nimekusikia, ngoja nimfikishie dada Bibi Harusi." Umemaliza, na hujamvunjia mtu heshima.

KITUO CHA TATU: SINZA, KWENYE MASHELA

Ukishuka Sinza, mji unabadilika sura. Masanamu ya madirishani yamevaa shela za kukodisha, saluni zimefuatana, kuna studio za picha, kuna wapika keki, kuna harufu ya dawa ya nywele na chipsi. Kituo cha Kwa Remmy bado kinabeba jina la mwanamuziki Remmy Ongala, aliyefariki 2010. Asubuhi ya Jumamosi hapa ni fulu shangwe: bibi harusi, matroni, wapambe, na mama mzazi anayeuliza kila dakika kumi, "Bado tu?"

Lakini njoo wakati wa Kwaresma au Ramadhani. Dada wa saluni anasoma gazeti. Mwaka 2025 vipindi hivyo viwili vilianza ndani ya wiki moja mwezi Machi, na watu wa harusi waliokuwa hawajajiandaa waliisoma namba. Biashara hii ina mvua na kiangazi chake. Kabla ya Ramadhani kuna msongamano wa ndoa, baada ya Pasaka kuna msongamano, Desemba ndiyo usiseme. Na kwa kuwa Ramadhani husogea nyuma kama siku 11 kila mwaka, kalenda ya mwaka jana haiwezi kukusaidia mwaka huu.

Mtego wa tatu basi: wakati wa mvua unakinga kila tone, kwa sababu unaogopa kiangazi. Unashika harusi tatu wikiendi moja. Ya kwanza inatoka vizuri, ya pili kawaida, ya tatu unaomba radhi. Na jina lako linabebwa na ile ya tatu.

Weka kikomo kabla msimu haujaanza, si katikati yake. Andika ukutani: mbili kwa wikiendi, basi. Ikija ya tatu, mpe mwenzako unayemwamini, naye atakukumbuka. Kwa kila kazi tenga sehemu ya kumi kwenye akaunti usiyoigusa. Hiyo ndiyo mshahara wa miezi ya ukame. Na miezi hiyo iite likizo, uende kwenu ukasalimie wazazi.

Kabla hujaandika tarehe ya mtu kwenye daftari, uliza pia kama imeshathibitishwa kanisani, msikitini au kwa msajili. Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka taarifa ya siku 21, na Wakatoliki hutangaza ndoa kanisani Jumapili tatu. Tarehe iliyo kichwani mwa bwana harusi tu si tarehe.

KITUO CHA NNE: UKUMBINI, SAA 8 USIKU

Wageni wameondoka. Viti vimekaa hovyo, puto limepasuka, keki imebaki msingi. Vijana wanabomoa walichokijenga kutwa nzima, mlinzi anapigapiga funguo zake mlangoni. Wanandoa wenye biashara wanagombana kwa sauti ya chini kuhusu stendi moja ya maua. Si stendi. Ni saa 20 bila kulala.

Shirika la Afya Duniani, kwenye orodha yake ya magonjwa iliyopitishwa 2019, lilieleza hali hii ya kuchakazwa na kazi. Halikuiita ugonjwa, liliiita jambo linalotokana na msongo wa kazini usiosimamiwa vizuri, na likataja alama tatu: nguvu kuisha, kuichukia au kujitenga na kazi yenyewe, na kuhisi huna ufanisi tena. Kwa lugha ya ukumbini: umeamka umechoka. Simu ikiita unasonya kabla hujaona ni nani. Na bibi harusi anaingia, ukumbi mzima umesimama unapiga vigelegele, wewe unawaza kapeti litatoka saa ngapi. Siku ukijikuta hapo wikiendi baada ya wikiendi, usiseme "nimezoea kazi". Kama na usingizi umekataa au roho imekuwa nzito hata siku za mapumziko, muone daktari.

Kuna hatari nyingine ya haraka zaidi: barabara. Aliyeamka saa 10 alfajiri hapaswi kushika usukani saa 9 usiku, akiwa na vijana sita nyuma ya mzigo. Ongea na ukumbi mapema vitu vilale mpaka Jumapili mchana, hata kama ni kwa malipo kidogo. Au kuwe na timu mbili, moja ya kujenga na moja ya kubomoa. Na sahani ya chakula chenu iandikwe kwenye mkataba, mle mkiwa mmekaa chini, kabla wageni hawajaingia.

KITUO CHA MWISHO: COCO BEACH, JUMATATU

Wikiendi ufukwe huu una purukushani, maharusi wanapiga picha, watoto wanapiga kelele. Jumatatu upepo ni wako. Mihogo ya kukaanga na pilipili, maji ya dafu, na ukitazama upande wa mjini unaliona daraja la Tanzanite lililofunguliwa 2022 limejipinda juu ya maji. Kwa watu wa harusi Jumatatu ndiyo Jumapili. Inatakiwa iwe takatifu vilevile.

Hili linawahusu hasa mlio wawili katika biashara. Mnaandaa ndoa za watu kila wiki, yenu mnaiandaa lini? Tukae hapa tukubaliane mambo manne. Mmoja anaongea na wateja, mwingine anashika pesa, msiingiliane. Kila mmoja anajilipa mshahara, hata kama ni mdogo, ili isije kuwa mmoja anafanya kazi na mwingine "anasaidia". Simu ya biashara inazimwa saa 3 usiku. Na mambo ya stendi za maua hayaingii chumbani.

Jumamosi zimeshachukuliwa na maharusi, na hilo mlilikubali mlipoanza. Ubatizo wa mtoto wa dada, mechi, harusi ya rafiki yako mwenyewe, vingi vitakupita. Basi chagua Jumamosi mbili tatu kwa mwaka, zifunge kwenye daftari tangu Januari kama vile mteja ameshalipa kianzio. Akija mtu na milioni tano, mjibu ukweli: siku hiyo ina wenyewe.

Kila kamati ya harusi Dar ina siku yake ya kuvunjwa. Wanakula, wanacheza, mweka hazina anasoma mahesabu, kila mtu anarudi kwake. Biashara yako haina kamati ya kuivunja, utaivunja mwenyewe kila Jumapili usiku. Soma mahesabu, walipe vijana, zima simu, lala.