Nondo wa Nyasi za Mkata

Ukitoka Morogoro mjini kwa barabara ya Iringa, milima ya Uluguru, yenye vilele vinavyopita mita 2,600, hubaki mkono wa kushoto. Ukishaipita Mzumbe, ardhi hutandaa, na nyasi za Mkata huenea hadi Hifadhi ya Mikumi. Wasafiri wengi hupita hapo wakitazamia tembo. Sisi, mvua za vuli zilipoanza, tulikwenda kwa ajili ya nondo.

Msomaji wa Suratul-Qaari'a amekwisha kumkuta nondo katika mfano wa watu Siku ya Kiyama. Huyu wa Mkata ana rangi ya kijivu na hudhurungi, mabawa ya nyuma meupe, na upana wa sentimita 3 hivi akiyakunjua. Mchana hujificha nyasini, usiku huruka. Wakulima humjua zaidi kwa mtoto wake: kiwavijeshi.

Jike hutaga mayai kwa mafungu ya mamia, nayo huanguliwa baada ya siku chache. Viwavi wakiwa wachache huwa kijani kama jani, hata jicho huwapita. Wakisongamana hugeuka weusi wenye mistari, wakaandamana kama jeshi, wakila mahindi, mtama, mpunga na malisho ya mifugo. Maharage na mihogo huviacha. Baada ya majuma mawili au matatu huingia udongoni, na siku kama kumi baadaye hutoka nondo wapya. Upepo huwachukua mbali, na pepo za mvua zikikutana huwakusanya tena mahali pamoja. Hivyo balaa lililoanzia Tanzania ya kati mwezi wa Novemba au Desemba laweza kufika Kenya, hata Ethiopia.

Wilayani Kilosa, wanavijiji walifundishwa kutega mitego yenye harufu ya nondo jike, kuwahesabu madume wanaonaswa, kupima mvua, kisha kuwatahadharisha wenzao mapema. Hesabu hiyo ndogo huweza kuokoa chakula cha mwaka mzima, kwani kiwavi mchanga hudhibitika kwa urahisi, lakini aliyekwisha kuwa mweusi na mkubwa amekwisha kula.

Kwa hiyo, ndugu wasomaji wenye mashamba, siku chache baada ya mvua kubwa tembeeni na watoto wenu, mgeuze majani. Mkiona viwavi wadogo, mwambieni bwana shamba na jirani siku hiyo hiyo, na tangazo litolewe msikitini baada ya swala. Haki ya jirani haikomei kwenye sahani ya futari. Habari ya hatari nayo ni amana yake.